Mkono Ulioshika Kisu

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu, ndipo mengine yanafuata. Harufu ya mdalasini mbichi uliotoka kukwanguliwa, mvua ya masika ingali inadondoka kwenye migomba, na ukungu umeshuka mlimani hata nyumba ya jirani imekuwa kama kitu unachokiwaza, si kitu unachokiona. Nimepita miaka sitini sasa. Mengi yamenitoka kichwani, hata majina ya watu niliokula nao sahani moja. Lakini nikinusa mdalasini kwenye chai, popote nilipo, narudi Kinole, kijijini kwetu. Nakaa tena juu ya ule mkeka, na mbele yangu nauona mkono mdogo wa mtoto umeshika kisu.

Nitakufikisha kwenye mkono huo, usiniharakishe. Njia za Uluguru hazipandwi kwa mbio. Anayekimbia huku chini ndiye tunayemkuta amekaa kwenye jiwe huko juu, anatweta.

Aliyenikumbusha ni binti wa mdogo wangu. Anasoma chuo hapa Morogoro mjini, na anaandika hadithi kwenye simu yake. Jumapili moja alikuja kunisalimu, akanipa shikamoo, akanisomea hadithi yake mpya. Ndani yake mlikuwa na theluji, na msichana amesimama dirishani na kikombe cha kahawa akimlilia mwanamume mwenye macho ya buluu. Alisoma vizuri, sauti yake ina utamu. Alipomaliza akaniuliza, Mama Mkubwa umeionaje. Nikamwuliza kama amewahi kuishika theluji. Akacheka, akasema hapana, lakini si hadithi tu? Pale alipokaa nilimwona msichana mwingine, ana daftari mapajani. Nilijiona mwenyewe. Niliyomwambia yeye ndiyo nakwambia na wewe, mwanangu, unayetaka kuandika na unadhani kwenu hakuna cha kuandikwa.

Baba yetu alitangulia, na mama akamfuata wakati Zena, mdogo wetu wa mwisho, bado ananyonya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nipo darasa la sita. Kati yetu alikuwepo Ramadhani. Kwa sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, kwa hiyo hatukufukuzwa popote. Tulibaki kwenye nyumba yake, katika shamba la ukoo wake, na mjomba akiwa ng'ambo ya kijito akituangalia kwa mbali. Lakini mtoto wa kunyonya haangaliwi kwa mbali. Nikaikunja sare ya shule, nikaiweka chini ya godoro, na kesho yake nikambeba Zena mgongoni. Sikwambii haya ili unihurumie. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na mimi nilikuwa jalala kabla sijawa mkubwa. Nilizoea.

Shule niliiacha, kusoma sikukuacha. Tulikuwa tukishusha ndizi, mafenesi na mdalasini mjini kwa lori, na mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la viungo karibu na soko kuu, alitufungia chumvi na sukari kwa magazeti ya zamani. Nikifika nyumbani namimina chumvi kwenye kopo, nalinyoosha gazeti kwa kiganja, nasoma. Humo mlikuwa na hadithi. Nyingi hazikuwa na mwisho, kwa sababu yule mzee alikata gazeti kwa kufuata kipimo cha sukari, si kwa kufuata hadithi. Mpaka leo wapo mabibi harusi kadhaa ambao sijui kama waliolewa. Lakini nilipenda maneno yake. Hariri. Mwavuli. Marumaru. Nilikuwa nikiyasema peke yangu nikipalilia magimbi, na mlima wote ukawa kama unasogea kando kunipisha niende huko yalikotoka.

Zena alipofika miaka sita alianza kuuliza. Wenzake shuleni walikuwa wakisema mama yangu hivi, mama yangu vile, naye akawa hana la kusema. Picha ya mama hatukuwa nayo hata moja. Akaniuliza, "Dada, mama alikuwaje?"

Nikamwambia alikuwa mzuri.

"Mzuri kama nani?"

Nikamwambia nitakuandikia.

Nikapata daftari, nikamwandika mama. Nilimpa shingo ndefu na vidole vyembamba. Nikamvika hariri ya buluu, nikamtembeza chini ya mwavuli mweupe, hatua zake hazisikiki. Nikasema sauti yake ilikuwa kama kinanda, na mimi kinanda sijawahi kukisikia. Kila jioni, jua likiwa bado begani kwa mlima, Zena alikaa kizingitini miguu ikiwa nje, nami nikamsomea. Alikuwa akifumba macho. Nikawa najisifu moyoni kwamba mdogo wangu nimempa mama.

Kuna jambo jingine la siku zile ambalo lazima nilitaje, ingawa linaniuma. Zena alikuwa mtoto wa mkono wa kushoto. Kijiko, kijiti cha kuchorea mchangani, kisu cha kumenyea muhogo, vyote alivipokea kwa kushoto. Nami niliujua wajibu wa mlezi. Mkono wa kushoto hauli, hausalimii, haupokei kitu cha mkubwa, na mtoto asiye na mama akikosea hapo watu husema hana wa kumfunza. Basi nikachana kipande cha kanga iliyochakaa, nikamfunga kiganja cha kushoto, na kitambaa kile kikawa kinakaa kutwa nzima. Hakulia. Alikuwa akikitazama tu, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa na haelewi ni nani aliyeufunga.

Siku moja ya soko tulishuka mjini mimi, Zena na Bibi Chausiku. Huyu Bibi Chausiku alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mjane, mchunaji wa mdalasini tangu usichana wake. Alikuwa amechuna pamoja na mama misimu mingi. Alikuwa na maneno. Alinijua kwa yale magazeti ya chumvi, akaniita Bi Mwandishi, na watu wakiniuliza kwa nini nimeacha shule aliwajibu yeye, "Hajaacha, kahamia kwenye kopo la chumvi."

Tulipanga ndizi zetu, nikageuka kumpa mteja fenesi, nilipogeuka tena Zena hayupo. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Nilipita kwenye dagaa, nikapita kwenye mitumba, nikapita kwa wauza vyungu, namwita mpaka sauti ikaniishia na jina lake likawa pumzi tu. Wanawake wa ndizi waliacha biashara zao wakatawanyika kumtafuta. Adhana ya adhuhuri ikasikika, ikaisha. Nikasimama katikati ya soko, watu wananipita pande zote kama maji yanavyopita jiwe, na nikafikiri, huyu mtoto mama aliniachia mmoja tu wa kubeba mgongoni, na mimi nimemwangusha.

Kisha nikamwona. Alikuwa akija taratibu kutoka upande wa maduka, ameshikwa mkono na mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, amevaa sari ya buluu, na juu yao wote wawili mwavuli mweupe. Kabla hajasema neno nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Yule mama alinisimulia kwa sauti ya chini. Alitoka dukani akaenda kwake, akafunga mlango. Baadaye alipofungua akamkuta mtoto amekaa kwenye ngazi, ametulia, kama mtu aliyefika nyumbani. Akampa maji. Akamwuliza, mama yako ni nani.

"Akaniambia, ni wewe," alisema. "Nimemuuliza mara tatu. Ni wewe. Dada yangu, mama yake yuko wapi?"

Nikamvuta Zena kwangu. Bibi Chausiku ndiye aliyemshukuru, akampa mkungu mdogo wa ndizi, na yule mama akaondoka akigeuka nyuma mara kwa mara. Wauza ndizi, kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha, wakaanza utani: Zena, ukihamia ghorofani usitusahau, Zena, mama yako mpya mwambie tunamsalimu. Mtoto akacheka nao. Mimi nikawa napanga ndizi zilizokwisha kupangwa.

Lori lilitushusha barabarani alasiri, tukaanza kupanda kwa miguu. Zena akasinzia mgongoni kwangu, mkubwa vile, miguu yake ikinipiga magotini. Tulipofika kwenye kijito tukapumzika. Nikamlaza kwenye majani. Bibi Chausiku alikuwa hajui kusoma, akaniambia nimsomee lile daftari ambalo Zena alikuwa akilisimulia kwenye lori. Nilikuwa nalo kwenye kikapu, sikuachana nalo. Nikamsomea hariri, nikamsomea mwavuli, nikamsomea shingo na kinanda. Alisikiliza macho yakiwa kwenye maji. Nilipomaliza, akasema:

"Huyo simjui."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Mtoto hakukosea," akasema. "Umempa alama za mtu, amekwenda amemkuta mwenye alama zake. Uliyemwandika yupo, ana nyumba yake mjini na watoto wake. Mama yenu ndiye hujamwandika."

Kisha akakitazama kile kitambaa kwenye mkono wa Zena. Akakitazama muda mrefu, kama ndiyo kwanza anakiona vizuri. Akaniuliza neno moja tu.

"Mwajuma, mama yenu alishika kisu kwa mkono gani?"

Nilifungua kinywa nijibu, na ndani hamkuwa na kitu. Miaka kumi na mitatu nilikula mchicha alioukata, mihogo aliyoimenya, mafenesi aliyoyapasua, na sikumbuki hata mara moja kuutazama mkono ule. Ndivyo mazoea yalivyo, mwanangu. Jambo ukiliona kila siku jicho linachoka, linaacha kuliona. Nilijua vidole vya wanawake wa magazetini kimoja kimoja. Vya mama yangu sikuvijua.

Nikamwambia, basi niambie wewe, Bibi. Akakataa. Alisema akiniambia nitaandika la kwake, na la kwake analo mwenyewe linamtosha.

"Nenda katazame," akasema.

"Nitatazama nini, Bibi, naye yuko kaburini?"

"Mtu aliyefanya kazi haondoki na kazi yake yote."

Akajitwika mzigo wake akapanda. Nilimwona katili. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa na macho mawili mazima, nikahitaji kuambiwa.

Jioni ile Zena alikuja kukaa kizingitini kama kawaida. Sikumsomea. Nikamwambia daftari lina makosa, nalirekebisha. Akauliza kama mama naye atabadilika. Nikamwambia sijui bado.

Kuanzia hapo nikawa natazama. Mwanzoni nilitazama kwa hasira, kama mtu anayetafuta sindano aliyopotezewa na mwingine. Baadaye hasira ikaisha, kutazama kukabaki. Niliona kwamba wanawake wakipanda kutoka barabarani na mizigo kichwani hawaiweki chini wanapopumzika. Huegemea ule mwamba mrefu uliopo njiani, mzigo ukalala juu ya mwamba na wao wakiwa wamesimama, kwa sababu ukiutua chini peke yako hakuna wa kukutwisha tena. Nilikuwa nimeegemea mwamba ule mamia ya mara. Niliona ukungu unavyoingia jikoni kwa dirisha, unazunguka mafiga, unatoka kwa mlango, kama mgeni aliyekosea nyumba. Niliona Bibi Chausiku akitafuna muwa kwa upande mmoja wa mdomo ili aendelee kusema kwa upande wa pili. Na nilimwona mjomba. Akipita penye kaburi la dada yake alivua kofia, halafu akajikuna kichwa, ili anayemwona adhani ameivua kwa sababu ya kujikuna.

Niliyaandika haya kwa penseli, nyuma ya lile daftari, ovyo ovyo. Sikujua kama ni hadithi. Niliona tu kwamba yakiandikwa hayatoki tena.

Halafu nikaanza kuuliza. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukimwuliza mtu marehemu alikuwaje, atakujibu kwa maneno ya matangani: alikuwa mwema, alikuwa mcheshi, alipenda watu. Hayo ni maneno ya kila kaburi. Kwa hiyo kwa mjomba nikauliza kidogo tu, mama alikuwa akivuka kijito wapi. Akanitazama. Kisha akacheka peke yake, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho.

"Kwenye lile jiwe la kuteleza," akasema. "Daraja lipo hatua kumi pale. Kila siku anateleza, kila siku anarudi palepale. Nilimwambia dada, pita darajani. Akaniambia, daraja halinichekeshi."

Ramadhani naye nikamwuliza, mama akirudi shamba alikuwa akifanya nini kwanza. Alifikiri sana, maana alikuwa mdogo. Akasema alikuwa akitugusa vichwa. "Anagusa cha kwako, anagusa cha kwangu, halafu anagusa na mtungi. Mimi nilikuwa najua mtungi ni ndugu yetu."

Tulicheka mpaka tukalia. Na ni kweli, mwanangu. Alipolisema nililiona. Lilikuwa ndani yangu muda wote, limekaa gizani, linangoja swali lililo na kimo chake.

Lakini la kisu hakuna aliyenijibu, labda Bibi Chausiku alikuwa amewapitia wote kuwafunga midomo. Mpaka masika.

Mdalasini hukatwa wakati wa mvua, kwa sababu ndipo gome linapoachia mti bila kugombana nao. Asubuhi moja nilipanda peke yangu kwenye midalasini ya mama, nyuma ya nyumba, panga mkononi. Nilikuwa nimeikata miti ile miaka mitano. Ukungu ulikuwa mzito, naona mti mmoja kwa wakati, mwingine unakuja ukisogelea. Nikachuchumaa kwenye shina ili nikate karibu na ardhi, ndipo nikaviona visiki.

Mti wa mdalasini hukatwa ukachipua tena pembeni, na kila mkato unaacha kisiki chake. Vile vya juu, vya rangi mbichi, vilikuwa vyangu, vyote vimelalia upande mmoja, kama mvua inayosukumwa na upepo. Chini yake kulikuwa na vingine vya zamani, vyeusi, vimeota kuvu la kijani. Hivyo vililalia upande wa pili. Vyote. Nikahamia mti mwingine, vivyo hivyo. Mwingine, vivyo hivyo. Nikasimama, nikajaribu kukata tawi kwa mlalo ule wa zamani, mkono ukakataa, kiwiko kikaenda kombo. Nikalihamishia panga mkono wa kushoto. Likaenda lenyewe.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mvua ilianza tena, nyepesi, na sikusogea. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kisiki kimoja cha zamani, na nilihisi kana kwamba mtu ametoka hapo sasa hivi kwenda kunywa maji, na akirudi atanikuta nimekaa mahali pake.

Nilishuka na mzigo wa matawi. Bibi Chausiku alikuwa amekwisha kufika kunisaidia, kama kawaida yetu: leo kwako, kesho kwangu. Tukakaa kwenye mkeka chini ya upenu, tukaanza kukwangua. Zena akaomba kisu, nikampa kile kidogo kisichokata sana. Akakishika kwa kulia, kitambaa kikiwa kushoto, na gome likawa linamvunjikia vipande vipande. Alikuwa akihema kwa jitihada. Akanitazama kuona kama nitakasirika.

Nikauvuta ule mkono wa kushoto. Akaurudisha nyuma kidogo, akidhani nakaza fundo. Nikalifungua. Kitambaa kikaanguka mkekani, na kiganja chake kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kama kitu kilichokaa majini.

"Shika unavyoweza," nikamwambia.

Akakihamisha kisu. Akakipitisha kwenye tawi toka juu mpaka chini, polepole, na gome likatoka refu, zima, likajikunja lenyewe mkekani. Bibi Chausiku akaacha kukwangua.

"Mwajuma," akasema, "umetazama."

"Nimetazama, Bibi."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akalaumu moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nikamwambia Zena, mama yako alichuna mdalasini kwa mkono huo. Mtoto akaugeuza mkono nje na ndani, akaunusa. Hakuuliza mzuri kama nani. Na Bibi Chausiku, sasa ulimi wake umefunguliwa, akamwambia kwamba mama alikula kwa kulia, akasalimu kwa kulia, akapokea cha wakubwa kwa kulia, na kazi zote za kisu na panga akazifanya kwa kushoto. "Adabu na kazi hazikuwahi kugombana mwilini mwake," alisema. Kitambaa kile nilikitumia kufungia matita ya mdalasini. Hakikurudi tena mkononi mwa mtu.

Nikaandika upya. Niliandika kwamba mama alikuwa mwanamke mfupi wa Kinole. Kwamba alivuka kijito kwenye jiwe la kuteleza kwa sababu daraja halikumchekesha. Kwamba akirudi shamba alitugusa vichwa, na mtungi pia. Kwamba alikata midalasini kwa mkono wa kushoto, na anayetaka kuhakikisha aende nyuma ya nyumba. Zilikuwa kurasa mbili tu, hakuna hariri ndani yake. Nilipomsomea Zena kizingitini hakufumba macho. Aliutazama mtungi. Aliutazama mlima. Kabla sijamaliza alikuwa ameondoka kwenda kuliona jiwe, na alirudi amelowa mpaka kiunoni, anacheka.

Msimu ule ule tulishuka sokoni, na yule mama wa sari akapita. Alisimama mwenyewe, akainama kwa Zena, nami nikaacha kupanga ndizi. Zena akampa shikamoo kwa adabu zake zote. Kisha akamwambia kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi, "Mama yangu nimeshamjua. Alikuwa mfupi."

Yule mama akacheka, akamgusa kichwa, akaenda zake na mwavuli wake. Zena hakumfuata hata kwa macho.

Leo Zena ni fundi cherehani hapa mjini, anakata vitambaa kwa mkono ule, na binti yake ndiye mwandishi wa theluji niliyekutajia. Daftari ninalo mimi. Ukurasa wa kofia ya mjomba sikuwahi kuusoma mbele ya mtu mpaka mjomba alipofariki, maana alificha machozi yake kwa kujikuna kichwa, na mimi ni nani wa kumfunua.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujaenda kutafuta hadithi mbali, jiulize unawajua unaokula nao. Mama yako hufunga mlango vipi akiwa na hasira? Jirani yako hunyamaza lini? Usidharau jambo kwa kuwa ni la kila siku. La kila siku ndilo linaloondoka bila kuaga. Uliza vitu vidogo, watu watakujibu vikubwa. Na ukitazama, tazama kwa mapenzi na heshima, maana jicho lisilo na heshima ni mwizi. Maneno mazuri ya wenzako yasome, yafurahie, mimi mpaka leo gazeti la chumvi silitupi kabla sijalisoma. Lakini nguo ya kuazima haisitiri mwili. Ukimvika mpendwa wako maneno ya kuazima, anayempenda atamfuata mtu mwingine barabarani.

Na anayeandika si wa kujichezea peke yake. Kuna mtoto mahali fulani anafumba macho, anangoja umwambie mtu wake alikuwaje. Kwa ajili ya huyo, tazama sawasawa.

Nilipomaliza kumwambia haya, binti wa Zena alikuwa ameiweka simu kifudifudi. Chai yake ilikuwa inapoa. Kisha akaniuliza, "Mama Mkubwa, na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwaje?"

Nikamwambia, "Swali kubwa hilo. Mimi nipo hapa. Nitazame."

Akanitazama. Nikanyanyuka kuosha vikombe, sikujua naviosha vipi, na mpaka leo sijamwuliza ameona nini. Akiandika, nitasoma.

Mungu akupe macho yasiyochoka kwenu, mwanangu. Akupe wazee wa kukunyima jibu mpaka utakapolitafuta. Mkono wako, uwe wa kulia, uwe wa kushoto, asitokee wa kuufunga, na kila utakayemwandika, wanaomjua wamsome waseme: huyu namjua. Amin.